Nani kasema ni maharamia? Kwa wanaoanza kusoma ulimwengu wa kale kwa vitu vya bure

Kwenye kazi yangu ya kwanza ya uzamili niliandika kwamba watu wa Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu, walikuwa maharamia wenye miili mikubwa. Niliandika kwa kujiamini kabisa, na tanbihi nikaweka. Msimamizi wangu akalizungushia neno "maharamia" duara la kalamu nyekundu, na pembeni akaandika maneno mawili: "Nani kasema?" Nikajibu moyoni, si Periplus yenyewe! Nimeipakua, nimeisoma, ninayo kwenye simu. Wiki tatu baadaye ndipo nilipojua kwamba Periplus haijasema hivyo. Karibu yote ninayotaka kukuambia hapa, wewe unayeanza, niliyaokota katika wiki hizo tatu.

Kwa aliyesahau somo la historia la sekondari: Periplus ya Bahari ya Erythraea ni mwongozo wa safari na biashara ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1, na mtu aliyeijua vizuri Misri ya zama za Warumi. Anateremka Bahari ya Shamu, anazunguka Pembe ya Afrika, anafuata pwani anayoiita Azania mpaka soko lake la mwisho, Rhapta. Kisha anarudi kuchukua njia ya Uarabuni na India. Shuleni tuliikariri kama jina tu katika orodha ya vyanzo vya historia. Hakuna aliyetuambia kwamba inasomeka, wala kwamba sehemu inayoihusu pwani yetu, aya ya 15 hadi ya 18, ni fupi kuliko hotuba ya mjomba kwenye harusi.

Sasa, ukiitafuta mtandaoni, atakayekujia wa kwanza ni Wilfred Schoff, Mmarekani aliyeitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1912. Yumo Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, yumo Wikisource, na mafaili yanayozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp mengi ni yeye, mara nyingine ukurasa wenye jina lake na mwaka umekatwa. Hajafika mbele kwa ubora. Amefika mbele kwa kuwa hakimiliki yake imekwisha. Tafsiri ya Lionel Casson ya mwaka 1989, ambayo ndiyo watafiti wengi wanaishika mkononi, bado ina mwenyewe, na haimwagwi bure. Hili ndilo jambo la kwanza kulijua kuhusu vitu vya bure katika fani hii: vingi ni vya babu zetu. Tafsiri, kamusi, ramani, hata maelezo ya chini ya ukurasa, ni vya watu walioandika kabla ya vita vya kwanza vya dunia, wengine wakiitazama Afrika kwa jicho la enzi yao. Visome, lakini kwanza tafuta mwaka. Mimi sikuutafuta.

Maana katika aya ya 16 Schoff anasema pwani hiyo inakaliwa na maharamia. Casson, aya hiyo hiyo, sentensi hiyo hiyo, anasema wanakaa wakulima. Nilidhani mmoja amekosea hesabu ya aya. Kumbe tatizo liko chini zaidi, kwenye mswada wenyewe.

Mswada mkuu wa Periplus, yaani nakala iliyoandikwa kwa mkono, ni wa karne ya 10 na uko maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani. Unaitwa Codex Palatinus Graecus 398. Maktaba hiyo imeupiga picha wote, ukurasa kwa ukurasa, na kuuweka wazi kwa yeyote. Huombwi jina, huombwi barua ya chuo. Pale penye maharamia au wakulima, mwandishi wa mswada ameandika neno horatoi, yaani "wanaoonekana". Watu wakubwa wa miili, wanaoonekana? Sentensi haikai. Wahariri wakaona mnakili ameteleza, kila mmoja akatengeneza kwa akili yake: wengine wakasoma peiratai, maharamia, wengine wakasoma neno la walimaji. Basi kwa herufi mbili tatu zilizorekebishwa mezani Ulaya, mababu wa pwani nzima wamekuwa wezi wa baharini kwenye vitabu kwa vizazi.

Usiku nilioufungua ukurasa ule kwenye simu sikuweza kusoma hata mstari mmoja; maandishi yale ya mkono ni kama nyuzi zilizofumwa. Nilitazama tu. Lakini tangu hapo siweki tanbihi ya tafsiri moja peke yake.

Ukitaka kulifuata neno kama nilivyolifuata, hivi ndivyo nilivyofanya, na huhitaji kujua Kigiriki chote. Jifunze alfabeti yake kwa wiki moja, inatosha kuanzia. Matini ya Kigiriki iliyochapwa na Karl Müller mwaka 1855, pamoja na tafsiri yake ya Kilatini, iko Internet Archive. Kamusi nyingi kubwa za Kigiriki na Kilatini ziko Logeion, ya Chuo Kikuu cha Chicago, na inafunguka vizuri hata kwenye simu ya bei ndogo. Ukiwa na matini nyingine za Kigiriki, za Herodotus kwa mfano, nenda Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts: unagusa neno, linakuambia ni nomino au kitenzi, limenyambuliwaje, na mzizi wake ni upi. Perseus ni ya tangu miaka ya 1980, na siku nyingine inajikokota kama trekta bovu. Vumilia, au tumia Scaife, ambayo ni mlango mpya wa nyumba ile ile.

Kuhusu bando: usipakue faili zima la picha la kitabu cha Internet Archive kama huna sababu. Soma papo hapo, chukua skrinishoti ya kurasa unazozihitaji. Na usidanganyike na faili la maandishi matupu wanalolitoa pembeni kwa kuwa ni jepesi. Kompyuta ndiyo iliyoyasoma yale, na kwenye Kigiriki mara nyingi inatoa takataka tupu. Nilinakili sentensi nzima humo, nikamtumia rafiki anayeijua lugha. Alinijibu kwa vikatuni vya kucheka.

Jizoeze pia kutaja aya, si ukurasa. Maandishi ya kale yamegawanywa kwa vitabu, sura na aya ambazo hazibadiliki hata toleo likibadilika. Ukiandika "Periplus 16", aliye na Schoff, aliye na Casson na aliye na Müller wote wanafika pale pale. Ukiandika "uk. 28" umemwacha msomaji gizani, na miaka miwili baadaye wewe mwenyewe pia.

Nikuambie na raha yake, maana siyo kalamu nyekundu tu. Rhapta, anasema mwandishi, imepata jina kutokana na vyombo vilivyoshonwa, na ukiingia Logeion ukaandika kitenzi rhapto unakuta maana yake: kushona. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo zaidi. Mtepe wa Lamu ulikuwa chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za kumbi, bila msumari. Aya ya 15 inataja kisiwa, Menouthias, ambako watu wana mitumbwi ya gogo moja na wanatega kwa matenga ya kufumwa kwenye mikondo ya maji. Wafasiri wa kigeni hapo wanaona ajabu. Mimi mtoto wa Tanga niliona dema, mtego wetu wa samaki. Hicho nacho ni kisio, nakiri, na msimamizi angeuliza nani kasema. Lakini ni swali ambalo mtu wa Heidelberg asingelianza, na wewe unaweza.

Kuna hazina nyingine nitazipitia haraka. Pleiades ni orodha ya mahali pa kale. Kila mahali pana namba yake ya kudumu, ambayo unaweza kuitaja kwenye kazi yako bila hofu kwamba kiungo kitakufa. Anza na bandari ya Berenike, pwani ya Misri, ambako meli za safari hizi zilikuwa zinaondokea. ORBIS ya Chuo Kikuu cha Stanford inakadiria muda na gharama za kusafiri ndani ya dola ya Roma kwa majira tofauti. Inapendeza mno, na itakula jioni yako, ila haifiki Azania. Anayependa Babeli na Sumeri aende kwenye tovuti za CDLI kwa vigae vya kikabari, maandishi yao ya kale kwenye udongo, na ETCSL ya Oxford kwa fasihi ya Kisumeri iliyotafsiriwa. Sizijui kwa kina kama wengine, nisijitie ujuzi.

Papyri.info ndiyo ningekuomba usiiruke. Humo mna mafunjo ya Misri, yaani maandishi kwenye karatasi za matete: barua, risiti, mikataba, mashtaka ya majirani, matini na mara nyingi tafsiri yake. Mojawapo ni mkataba wa mkopo wa karne ya 2, leo uko Vienna, unaohusu safari ya Muziris nchini India. Upande wa pili kumepigwa hesabu ya shehena ya meli iitwayo Hermapollon, yenye pembe za ndovu na nardo, mmea wa manukato. Periplus inakuambia biashara ilikwendaje kwa jumla. Mkataba ule unakuonyesha wenye fedha wakibanana kuhusu dhamana, nini kitafuata mkopaji asipolipa, mzigo utafungwa kwa muhuri wa nani. Ukishausoma, wafanyabiashara wale hawawi tena mishale kwenye ramani ya kitabu cha shule.

Makala za watafiti wa leo ndizo ngumu kupata. Jarida la Azania, lililoanzishwa 1966 na taasisi ya Waingereza iliyoko Nairobi, limechukua jina humu humu kwenye Periplus, na makala zake nyingi zinakudai dola ukizigusa. Jina la pwani yetu, nalo limefungiwa! Usilipe. Weka Unpaywall kwenye kivinjari chako, inakutafutia nakala halali ya bure kama ipo. Fungua akaunti binafsi ya bure JSTOR, hifadhi kubwa ya majarida, inakuruhusu kusoma makala kadhaa kila mwezi mtandaoni. Ikishindikana, mwandikie mwandishi mwenyewe barua pepe ya mistari minne, ukisema wewe ni nani na unatafiti nini. Kati ya watano niliowaandikia mwaka ule, wanne walinitumia makala siku hiyo hiyo, na mmoja aliniongezea nyingine mbili ambazo sikujua zipo. Juzuu ya 2 ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO nayo ni bure, na sura yake ya pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa na Abdul Sheriff. Mimi niliisoma mwisho. Ningeisoma mwanzo, nisingeaibika.

Nilirudisha kazi yangu ikiwa na tanbihi ndefu kuliko aya iliyoibeba: mswada unasema hivi, Schoff hivi, Casson hivi, na mimi sioni sababu ya kutosha ya kuwaita watu hao maharamia. Duara la kwanza likafutika. Ukurasa uliofuata kulikuwa na jingine, mahali nilipoandika "Menouthias, yaani Unguja". Nani kasema?

Nikafungua tena aya ya 15. Kisiwa kiko kama stadia 300 kutoka bara, kiko chini, kina miti na mito. Stadia 300 ni kilomita 55 hivi. Unguja iko karibu zaidi ya hapo, Pemba inakaribia kipimo, na wako wanaosema Mafia, upande ule ule wa Rufiji ambako Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amechimba kwa miaka mingi. Nikanunua bando la usiku, nikaanza upya.