Ukisubiri Juni Umechelewa: Namna ya Kuishawishi Serikali Ukiwa na Kikundi Kidogo

Kila Juni nyumba za wageni za Dodoma hujaa wadau. Wanashuka kwenye treni na mafaili, wanapanga foleni getini Bungeni kusubiri beji, wanapiga picha, wanasikiliza hotuba ya bajeti, wanarudi Dar. Wengi wao hawabadilishi hata nukta moja, kwa kuwa walichokuja kukipinga kilishaandikwa zamani.

Kwa misimu kadhaa nimewaandikia maandiko wakulima wa zabibu na wakamuaji wadogo wa alizeti wa huku kwetu, na kuwasindikiza ofisini. Kikundi kikinitafuta, jambo la kwanza ninalokiambia ni kwamba kama hoja ni ya kodi, msianze na mbunge. Mheshimiwa atawapokea vizuri, hata chai atawanunulia kantini. Lakini Ibara ya 99 ya Katiba inasema Bunge halishughulikii jambo la kutoza kodi mpya au kuongeza iliyopo mpaka Rais alipendekeze na Waziri aliwasilishe. Mkulima wa alizeti anayetaka mafuta ya nje yatozwe zaidi anaomba jambo ambalo mbunge wake hana uwezo wa kulianzisha.

Tena ushuru wa forodha si wetu peke yetu. Viwango vyake ni vya pamoja vya Afrika Mashariki, na nchi ikitaka kwenda tofauti, mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukubaliana kabla hotuba haijasomwa. Katika bajeti ya 2018/19 Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka asilimia 10 hadi 25, na wa yaliyosafishwa kutoka 25 hadi 35. Singida na Dodoma tulishangilia. Miaka iliyofuata viwango vilishuka na kupanda, maana upande wa pili nao una watu wake, na hoja yao ina uzito: dumu la mafuta likipanda bei, mama wa mjini analia na Serikali inamsikia.

Hao wa upande wa pili wajifunzeni. Viwanda vikubwa vina shirikisho lao, vina mwakilishi ndani ya Taasisi ya Sekta Binafsi, na vina mtu anayejulikana kwa jina kule Mtumba, kwenye ofisi za wizara. Mtu huyo hapigi kelele. Wizara ya Fedha inapokaribisha mapendekezo ya maboresho ya kodi, miezi mingi kabla ya Juni, andiko lake linafika mapema, fupi, likiwa na kifungu cha sasa, kifungu kinachopendekezwa, na hesabu ya mapato. Ofisa anayelisoma atauliza maswali mawili tu: Serikali itapoteza kiasi gani, na itafidia wapi? Kikundi kisichojibu hayo kinaishia kwenye “maoni yenu tumeyapokea”.

Ombeni kitu kinachopimika. Ukiandika “Serikali iwasaidie wakulima wa zabibu”, hakuna mtu wa forodha anayeweza kuitekeleza sentensi hiyo. Sheria ya ushuru wa bidhaa inatofautisha mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za ndani na mvinyo mwingine, na ushuru wa ule wa kwanza ni mdogo sana. Asilimia 75 mkaguzi anaweza kuidai kwa nyaraka.

Halafu msilale mkishapata. Taulo za kike ziliondolewa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, mwaka 2018 baada ya wanaharakati kupigania kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata Serikali ikairudisha, ikisema bei dukani haikushuka. Mimi naona wasichana walionewa, kwa sababu aliyebaki na ile tofauti si wao. Lakini kwa mtetezi somo ni la kazi: siku msamaha unapoanza, tuma watu madukani waandike bei, mwezi hadi mwezi, Kongwa mpaka Manyoni. Usipokuwa na daftari lako, takwimu za wengine ndizo zitakazosomwa.

Kelele nazo zina siku yake. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, na kufika Septemba ilikuwa imepunguzwa kwa asilimia 30, baada ya wananchi kulalamika. Iliuma kila mtu. Hoja ya wakamuaji wa Kibaigwa haiumi kila mtu, kwa hiyo msitegemee mtandao uwabebe.

Kuhusu bahasha, nauli na chakula cha wajumbe wenu ni gharama halali. Mkitoa “asante” kwa ofisa, mmetoa rushwa, na mwenye fedha nyingi kuliko ninyi atatoa kubwa zaidi.

Mkikosa milango yote hiyo, umebaki mmoja. Muswada wa Sheria ya Fedha hupita kwa Kamati ya Bajeti, nayo hualika maoni ya wadau. Muda ni dakika chache, kwa hiyo salamu za itifaki zikatwe (najua, kwetu hilo ni gumu kuliko kodi yenyewe). Pelekeni marekebisho yakiwa tayari kwa lugha ya sheria. Na msemaji asiwe mshauri wa kukodi kama mimi. Awe mkamuaji anayejua gunia moja linatoa lita ngapi, maana hilo ndilo watakalomuuliza kwanza.