Maswali na Majibu: Unapopanga Kwenda St. Moritz

St. Moritz, mji wa milimani ulioko katika bonde la Engadin, kusini-mashariki mwa Uswisi, ndio ulioulizwa zaidi na wasomaji safari hii. Nimechagua maswali yanayowagusa wengi.

Mimi na mume wangu tunatimiza miaka 20 ya ndoa Novemba na tungependa kusherehekea huko. Nauli za ndege mwezi huo ni nafuu. Unasemaje? (Dar es Salaam)

Hongereni sana, dada. Ila Novemba nakusihi uiache. Mji huwa umelala: hoteli nyingi kubwa zimefungwa, migahawa vilevile, na theluji ya kutosha bado haijaanguka. Hali huwa hivyo hivyo kuanzia nusu ya pili ya Aprili hadi mwanzoni mwa Juni. Mtalipa nauli ndogo mkute milango imefungwa.

Msimu wa baridi huanza Desemba. Husimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli Johannes Badrutt aliwekeana dau na wageni wake Waingereza, waliozoea kuja kiangazi tu: warudi wakati wa baridi, na wasiporidhika na jua la huko atawalipia gharama za safari. Walirudi. Mji huo baadaye uliandaa Olimpiki za majira ya baridi mara mbili, 1928 na 1948.

Februari ndio mwezi wa fahari na wa bei kali. Ziwa huwa limeganda kiasi cha kubeba farasi na umati mzima, na Jumapili kadhaa hufanyika juu yake mbio za farasi za White Turf, zilizoanza 1907. Kuna mbio ambazo mshindani hapandi farasi kabisa: husimama kwenye skii huku ameshika hatamu ndefu, anavutwa kwa kasi, theluji ya kwato ikimrukia usoni.

Kwa wanandoa wanaotaka utulivu, mimi ningechagua mwisho wa Septemba. Kuna aina ya msonobari huko ambao hubadilika rangi ukawa wa dhahabu kabla ya kupukutisha majani, na njia za kutembea kwa miguu bado ziko wazi.

Je, mtu wa kipato cha kawaida anaweza kukaa huko, au ni mji wa matajiri tu? (Arusha)

Anaweza, kaka, akijua pesa inakwenda wapi. Kinachomaliza mfuko ni kitanda. Achana na hoteli za kifahari kama Badrutt's Palace na Kulm. Tafuta chumba hosteli ya vijana iliyoko St. Moritz Bad, upande wa chini wa mji, ambayo hupokea hata familia. Au lala vijiji vya jirani, Celerina, Samedan au Pontresina, kisha uje mjini kwa treni ndani ya dakika chache. Uliza pia kabla ya kulipa: wakati wa kiangazi hoteli nyingi za bonde hilo huwapa wageni wanaolala zaidi ya usiku mmoja kadi ya kupandia magari ya nyaya ya milimani bila nyongeza. Chakula cha mchana nunua supamaketi, na maji kunywa ya bomba, ni safi.

Maduka ya kifahari ya mtaa wa Via Serlas yapite tu. Ziwa halina kiingilio, na kulizunguka kwa miguu ni mwendo wa saa moja na ushee. Pesa kidogo uliyobakiza ipeleke Makumbusho ya Segantini, jengo la kuba lililofunguliwa 1908. Giovanni Segantini aliichora milima hii kwa vistari vyembamba vya rangi vilivyolazwa kimoja kando ya kingine, hata mwanga wa theluji ukaonekana unatetemeka. Alifariki 1899 juu mlimani, kwenye Schafberg, akiwa bado anafanyia kazi picha zake tatu kuu. Zimo humo, chini ya kuba. Kaa mbele yake bila haraka.

Mama yangu ni mtu mzima, tunaishi Nairobi. Ataiweza hewa ya huko? (Nairobi)

Mji uko mita 1,800 na kidogo, karibu sawa na Nairobi, kwa hiyo mjini hatahisi tofauti kubwa. Vilele ni habari nyingine: Piz Nair unazidi mita 3,000, na huko asipande bila ushauri wa daktari wake. Mpelekeni Muottas Muragl, mita 2,456, kwa treni ya kuvutwa na kamba iliyoanza 1907. Ataona maziwa yote ya bonde akiwa ameketi.

Kutoka Zürich tukodi gari? (Kigali)

Hapana. Pandeni treni, mbadilishe treni katika mji wa Chur. Ni kama saa tatu na nusu hivi. Reli ya Albula, mtakayopita baada ya Chur, iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008. Daraja la Landwasser, lenye kimo cha mita 65, linapinda na kuingia moja kwa moja ndani ya mwamba. Mbele zaidi, baada ya kijiji cha Bergün, reli inajizungusha ili kupanda, na kanisa lile lile mnaliona tena na tena, kila mara likiwa chini zaidi. Treni ya kawaida inapita njia hiyo hiyo ya treni za kitalii, na haihitaji kuwekewa nafasi.

Sisi ni Waislamu. Tule nini? (Unguja)

Pizzoccheri, tambi za unga wa ngano nyeusi zenye viazi, mboga na jibini, ni chaguo zuri; sisitizeni zisiwekwe nyama. Jibini ya kuyeyushwa, fondue, kwa kawaida hupikwa na divai nyeupe, na capuns, madonge ya unga yaliyofungwa kwa majani ya mboga, mara nyingi huwa na nguruwe, basi ulizeni kabla ya kuagiza. Ile keki ya jozi na karameli inayouzwa kila duka la mikate, msiikose.

Viza moja inatosha kufika na Italia? (Mombasa)

Inatosha, ndugu. Ni ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Uswisi na Italia zikiwemo, na treni ya Bernina itakushusha Tirano, mji wa Italia ulio mpakani. Omba viza nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, mapema hadi miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari, ukiwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Na pasipoti iwe mfukoni siku ya Tirano, hata kama unarudi jioni hiyo hiyo.