Gegedu la goti limetoka kipande: nichome sindano au nikapandikizwe?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 24, nacheza kiungo kwenye ligi ya mkoa. Mwezi wa nne niligongana na mtu, goti la kulia likajipinda na likavimba siku hiyohiyo. Picha ya MRI imeonyesha gegedu limetoka upande wa ndani wa mfupa wa paja, eneo la kama sentimita 2 kwa 1 na nusu. Kuna jamaa ananiuzia sindano tatu za kuotesha gegedu kwa laki tisa, anasema mwezi mmoja tu narudi uwanjani. Mjomba naye yuko tayari kunichangia niende India nikapandikizwe. Nifanye lipi, na msimu ujao nitacheza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msimu ujao usiuhesabu, nianze na hilo ili tusidanganyane. Na hizo sindano achana nazo kabisa. Wiki haiishi bila mtu kuniletea goti limejaa maji na mkononi ana karatasi za sindano za "kuotesha", na inaniuma kwa sababu wengi wao ni vijana wa umri wako.

Gegedu halina mishipa ya damu. Ukijikata kidole damu inaleta seli za kujenga, kidonda kinafunga, hata mfupa ukivunjika unaunga, lakini gegedu linalishwa na ule ute wa ndani ya goti tu, kwahiyo kipande kikitoka hakuna kinachokuja kuziba pale. Daktari William Hunter kule London alishaliandika hilo mwaka 1743, na mpaka leo hakuna sindano iliyobadilisha. Umeshaona goti la mbuzi buchani, ile ncha ya mfupa nyeupe inayong'aa na kuteleza ukiigusa? Ndio gegedu hilo, na kwako wewe unene wake ni milimita chache tu.

Halafu gegedu halina neva. Maumivu unayosikia yanatoka kwenye mfupa wa chini yake na kwenye utando wa goti, sasa mtu akikuchoma kortisoni, dawa ya kushusha uvimbe, na sindano nyingi za mtaani nilizofuatilia zilikuwa kortisoni, uvimbe unashuka, unatembea vizuri, unasema limeota. Halijaota kitu. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2017, watu 140 wenye magoti yaliyosagika, nusu walichomwa kortisoni kila miezi mitatu kwa miaka miwili na nusu wakachomwa maji ya chumvi. Wale wa kortisoni gegedu lao lilipungua zaidi, na kwenye maumivu hawakuwazidi wenzao. Ile sindano ya damu yako mwenyewe iliyozungushwa kwanza kwenye mashine inaweza kumpa mtu nafuu, sikatai, ila shimo haizibi. Kongoro na vidonge vya gegedu navyo hivyohivyo.

Kinachoniudhi zaidi ya hela ni muda unaopotea. Nikiingiza kamera kwenye goti kama lako nachukua kindoano kidogo nazigusa kingo za shimo, zikiwa imara zimesimama najua kuna kazi ya kufanya, zikinyanyuka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu najua limeshachezewa. Nilikuwa na kijana mmoja beki, mara ya kwanza shimo lake ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nikamwambia apumzike tupange upasuaji, akapotea. Alirudi baada ya msimu mmoja na nusu wa kuchomwa kabla ya mechi, nikaingiza kamera nikakuta mfupa uko wazi juu na chini, umekwaruzana mpaka umekuwa wa njano. Miaka 26. Goti likifika hapo hatupandikizi tena, kwa sababu kipandikizi kinahitaji gegedu zima la kushikamana nalo pembeni na gegedu zima la kukutana nalo upande wa pili.

Wewe hujafika huko. Kwa shimo la sentimita za mraba kama 3 sikushauri njia ya kutoboa mfupa vitundu peke yake, kinachoota ni kovu, na kwa mchezaji mwenye shimo kubwa huwa linachoka baada ya miaka michache. Kuna kuhamisha vipande vya mfupa na gegedu lake kutoka pembeni mwa goti lako mwenyewe pasipobeba uzito, daktari Hangody wa Hungary aliianza 1992, ila kwako ipo mpakani kwa sababu ya ukubwa. Na kuna ya kuchukua gegedu kidogo, miligramu 200 au 300, seli zinakuzwa maabara wiki kadhaa halafu unarudi chumba cha upasuaji mara ya pili, hiyo ilianzia Sweden, mgonjwa wa kwanza 1987. Ndio ghali.

Ila kabla mjomba hajatoa shilingi, wewe upimwe mguu mzima kwa eksirei ya kusimama. Kama una matege uzito wote unaangukia palepale upande wa ndani, na kama goti linaachia unapogeuka basi huenda kano ya ACL, ile ya katikati inayolishika goti lisiachie, ilikatika siku ileile. Hayo yasiporekebishwa, kipandikizi cha mamilioni kinasagika kama lile la kwanza. Baada ya upasuaji ni magongo wiki 6 hivi, mazoezi ya fizio kila siku, na mpira ni mwaka mmoja au zaidi. Fizio hiyo utaifanyia wapi ukirudi kutoka India? Panga hilo kwanza.

Mpaka hapo usicheze, hata ndondo ya jioni. Njoo na CD ya MRI yenyewe, siyo karatasi ya majibu tu. Na kama ulishachomwa hata sindano moja ukaona aibu kuandika, niambie tarehe na uje na chupa, maana kortisoni iliyoingia karibuni inaongeza hatari ya goti kupata maambukizi tukilifungua, itabidi tusogeze upasuaji mbele.