Rekodi ya Asia ya baiathloni: msiitafute

SWALI: Naandika historia ya baiathloni, yaani mbio za skii (mbao za kutelezea thelujini) pamoja na kulenga shabaha kwa bunduki, katika Michezo ya Majira ya Baridi ya Asia. Nimelinganisha muda wa washindi wa mbio fupi za wanaume, kilomita 10, Sapporo 2017 na Harbin 2025. Nimtaje nani kuwa mwenye rekodi? Na je, nipunguze sekunde 30 kwa kila risasi iliyokosa shabaha ili mizani iwe sawa?

JIBU: Usimtaje yeyote. Baiathloni haina rekodi ya muda, si ya Asia wala ya dunia. Mwaka 2017 walishindana uwanja wa Nishioka, 2025 ule wa Yabuli. Vilima ni vingine, theluji ni nyingine, na hata nta inayopakwa chini ya skii ilibadilika katikati, kwani shirikisho la kimataifa, IBU, lilipiga marufuku nta yenye florini kuanzia msimu wa 2023/24. Ni kama mbio za nyika: nani aliwahi kudai rekodi kwa muda wa Mombasa 2007?

Hizo sekunde 30 ndizo zinazonichosha, maana naletewa kila msimu. Katika mbio fupi, anayekosa shabaha huzunguka mita 150 za adhabu kwa skii, kwa nguvu zake mwenyewe, na wakali hutumia chini ya sekunde 30. Dakika nzima huongezwa katika mbio za kilomita 20, ambako mzunguko huo haupo. Ubaya mkubwa zaidi ni huu: mlengaji makini hupunguza mwendo anapokaribia uwanja wa shabaha ili pumzi itulie, kisha huchelewa kidogo kwenye kifyatulio. Usahihi wake ameulipia kwa sekunde. Ukimfutia adhabu mwenzake aliyeingia kasi na kukosa, umemwibia yule wa kwanza.

Linganisha watu wa mbio moja, siku moja: alikuwa asilimia ngapi nyuma ya mshindi, aliangusha shabaha ngapi akiwa amelala, ngapi akiwa amesimama. Kisha andika yaliyotokea kweli. Februari 2025, Ekaterina Avvakumova, mzaliwa wa Urusi, aliipa Korea Kusini dhahabu yake ya kwanza ya baiathloni katika michezo hii. Hapo pana sura nzima ya kitabu.

Na nyinyi makocha mnaonunua majedwali ya "muda uliosahihishwa", yaani uliofutiwa adhabu namna hiyo, kuchagulia vijana: mnaowaacha nje ni wale wanaojua kulenga.