Njaa ya Manvini Bhavai sio ile ya Bengal ya 1943
Hapana mkuu, njaa iliyomo kwenye Manvini Bhavai, ile riwaya ya Kigujarati kutoka India, sio ya Bengal kama mnavyosema, ni ile ya 1899 hadi 1900, Wagujarati wanaiita Chhappaniyo, yaani "ya hamsini na sita", kwa sababu kwa kalenda yao ya Vikram ulikuwa mwaka 1956, ukitoa kama 57 hivi unapata wetu. Nadhani mnachanganya sababu Pannalal Patel alikitoa kitabu 1947, miaka minne tu baada ya Bengal, ila stori yenyewe iko vijijini kaskazini mwa Gujarat mpakani na Rajasthan, mvua imegoma, ng'ombe wanakufa, watu wanauana kwa punje za nafaka. Mi nilisoma tafsiri ya Kiingereza, na kilichonibamba sio njaa hata, ni Kalu, mhusika mkuu, kuona aibu kupanga foleni ya nafaka ya msaada, mkulima mzima kuomba kunamuuma kuliko tumbo tupu, na Raju waliyechumbiwa naye utotoni kashaolewa kwingine lakini ndo anayemshikilia hadi mwisho. Ila kama umeona filamu ya 1993 tu, kitabuni utoto wao umeelezwa kirefu sana, njaa yenyewe inaingia mbele huko.