Je, hisabati ni elimu isiyonufaisha?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mjane, naishi nje kidogo ya mji wa Mumias. Mume wangu alifariki akaniachia mvulana mmoja na wasichana wawili, ekari nne za miwa na ng'ombe kadhaa. Wazazi wake walikuwa wameshatangulia. Sasa kijana amepata nafasi Chuo Kikuu cha Maseno kusomea hisabati. Nilitaka kuuza ng'ombe wawili nimlipie karo, lakini shemeji yangu, ambaye ndiye anayesimamia mali yote, amekataa. Anasema hesabu ni elimu isiyonufaisha, na kwamba Mtume (s.a.w.) alisema sisi ni umma usiohesabu. Kijana amenyamaza tu siku hizi, hata kula hali vizuri. Je, nitapata dhambi nikimpeleka?

JIBU: Wa alaykumu ssalam warahmatullahi wabarakatuh. Mama, huna dhambi. Mpeleke kijana akasome, na Allah amjaalie.

Ningeweza kuishia hapo, lakini maneno ya shemeji yako si yake peke yake. Nayasikia mihadharani, Kisumu na Nakuru pia, na kila mara kuna mtoto mwerevu anayerudi nyumbani ameinamisha kichwa.

Hadithi anayoitaja ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar. Mtume (s.a.w.) alisema: "Sisi ni umma usiojua kusoma, hatuandiki wala hatuhesabu. Mwezi ni hivi na hivi," akaonyesha kwa vidole kuwa mwezi huwa na siku 29 au 30. Hapo anawarahisishia watu jambo la kufunga na kufungua, wasisubiri mtaalamu wa nyota ndipo waanze Ramadhani. Ibn Hajar, mwanachuoni wa hadithi, alipoisherehesha alisema hesabu iliyokusudiwa ni ile ya mwendo wa nyota. (Mzozo wa mwandamo, unaotugawa kila mwaka, sitauingia leo.) Lakini nataka shemeji yako aisome hadithi yote, asikate kipande. Imesema "hatuandiki" kabla ya kusema "hatuhesabu". Ikiwa neno la pili ni katazo, basi na la kwanza ni katazo. Mbona basi Mtume (s.a.w.) alikuwa na waandishi wa wahyi? Mbona Zayd bin Thabit alikusanya Qur'ani kwa kuiandika? Na Zayd huyohuyo ndiye aliyesifiwa kuwa mjuzi zaidi wa mirathi miongoni mwa masahaba. Mirathi bila hesabu hugawiwa vipi? Atueleze.

Ama elimu isiyonufaisha, ni kweli ipo dua ya Mtume (s.a.w.) ya kujikinga nayo, na tunaiomba sote. Swali ni hili: nani amesema hesabu hainufaishi? Allah anasema katika Surat Yunus aya ya 5 kwamba ameuwekea mwezi vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Mwanachuoni mkubwa Imam Ghazali ameitaja hesabu pamoja na udaktari katika faradhi za kutosheleza, yaani mji mzima ukikosa mtu wa kuijua, wote wameingia lawamani. Mwanahisabati Al-Khwarizmi alipoandika kitabu chake cha aljebra kule Baghdad, zama za Khalifa Ma'mun, alisema wazi anaandika yale ambayo watu wanayahitaji katika mirathi, wasia, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya wasia na urithi. Leo tunawaambia watoto wetu kuwa elimu hiyo ni ya wengine!

Nenda soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili utazame gorogoro, ile mikebe ya kupimia mahindi. Kuna ambazo kitako kimegongwa kikaingia ndani. Mkebe wa kilo mbili ukipungua gramu 100 tu, mnunuzi haoni kitu. Lakini gunia la kilo 90 ni gorogoro 45, basi kwa kila gunia muuzaji ameiba kilo nne na nusu. Surat al-Mutaffifin imeanza na "Ole wao" kwa ajili ya watu hawa. Au chukua mikopo ya simu. Mtu anaambiwa, "Chukua 1,000, rudisha 1,090 baada ya mwezi." Anaona ni shilingi tisini tu. Akiendelea hivyo mwaka mzima amelipa 1,080 juu ya elfu moja aliyokopa, na elfu yenyewe bado inadaiwa. Riba hujificha kwa asiyehesabu. Hata kibla tunachoswalia hapa magharibi mwa Kenya, kaskazini ukielekea mashariki kidogo, kama nyuzi 13 ukiwa Kisumu, kimepatikana kwa hesabu. Shemeji yako akitaka, asimamishe fimbo wima tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, jua linapokuwa juu ya Al-Kaaba. Kivuli kitalala upande wa kusini. Akikipa mgongo, ameelekea Makka.

Sasa mama, kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kulinyamazia. Umesema shemeji ndiye anayesimamia mali yote. Je, mirathi imegawanywa? Sijasikia upande wake na simtuhumu. Lakini hukumu iko wazi katika Surat an-Nisaa, aya ya 11 na 12. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, mali inagawanywa mafungu 32. Wewe mjane una thumuni, yaani mafungu manne. Kijana ana 14. Kila binti ana saba. Kaka wa marehemu hana kitu, kwa sababu marehemu ameacha mtoto wa kiume. Katika zile ekari nne, yako ni nusu ekari, ya kijana ni ekari moja na robo tatu, na kila binti ana ekari moja kasoro thumuni. Msiwaruke mabinti kwa kusema wataolewa. Hii ni desturi, wala si dini.

Kwa hiyo hata wewe usiwauze ng'ombe hao kabla ya kugawana, kwani ndani yake mna haki ya mabinti. Gawaneni kwanza. Kijana akishapata fungu lake, akauza kwa ajili ya karo, ameuza chake na hahitaji ruhusa ya mtu. Mketisheni shemeji kwa heshima, pamoja na imamu wa msikiti wenu na wazee wawili watatu. Akikataa, iko Mahakama ya Kadhi Kisumu. Nendeni na cheti cha kifo na karatasi za shamba.

Na kijana nina neno naye. Ghazali aliyemkosoa anayedhani anaunusuru Uislamu kwa kuikanusha hesabu, ndiye pia aliyeonya kuwa mtu huvutiwa na uhakika wa hesabu, kisha akamfuata mwanahesabu hata katika yale asiyoyajua kuhusu dini. Basi akifika Maseno atafute msikiti kabla hajatafuta maktaba, ashikamane na vijana wanaoswali, na akupigie simu kila Ijumaa. Mwambie ale. Na huo mgao wa mafungu 32, aupige yeye mwenyewe kwa kalamu yake, awaonyeshe dada zake na baba yake mkubwa ulivyotoka.

Wallahu a'lam.