Kupanga ghorofa ya juu Mji Mkongwe: angalia paa na maji kabla ya bahari

Umeuliza kama ghorofa ya juu kabisa Mji Mkongwe, Unguja, inafaa kupangwa kwa mwaka mzima. Inafaa: upepo upo, mbu wachache, kelele za vichochoroni hupungua. Lakini kila kasoro ya nyumba ya mawe huanzia juu, kwa hiyo usiridhike na baraza inayotazama bahari.

Anza na paa. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vingi havizidi mita tatu kwa upana, kwani boriti haifiki zaidi ya hapo. Maji yakivuja, ncha ya boriti iliyozama ukutani ndiyo inayooza kwanza, na kwa nje huioni. Chukua bisibisi, bonyeza kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye keki, achana na nyumba hiyo. Unga laini sakafuni chini ya boriti ni wadudu wa mbao. Rangi mpya sehemu moja tu ya dari huficha doa la maji. Ukiweza, rudi kuangalia wakati wa masika.

Tazama na plasta. Ukuta wa matumbawe hupumua kupitia chokaa. Ukipigwa saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, plasta hutuna na kumomonyoka. Gonga kwa kifundo cha kidole: ikilia uwazi, imeshaachana na ukuta. Kupaka rangi ya mafuta juu yake ni kupoteza pesa. Inabanduliwa, ukuta unakauka, kisha inapigwa chokaa.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi. Ghorofa ya tatu ni kama mita 12 kutoka chini, na presha ya bomba la mtaani mara nyingi haifiki huko. Uliza: tangi la chini lipo? Pampu ni ya nani, na umeme wake unasoma mita ya nani? Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja. Likikaa katikati ya boriti, usipange. Mahali pake ni juu ya ukuta mnene. Tena, tangi lililo mita moja na nusu tu juu ya bafu huenda lisiwe na nguvu ya kuwasha hita ya kuogea. Fungua bomba la bafuni mwenyewe, usikubali kuambiwa.

Joto lipime saa tisa alasiri. Chini ya mabati yasiyo na dari, chumba huwa tanuri hadi usiku.

Pima ngazi kwa futi kabla ya kununua kabati, hasa kwenye kona. La kufunguka vipande ndilo linalopita.

Mwisho, mkataba. Nyumba nyingi ni za wakfu au za serikali, na anayekupangisha huenda naye ni mpangaji. Omba kuona karatasi zake kabla ya kulipa miezi sita kwa mkupuo. Andikeni nani anatengeneza paa na kwa siku ngapi baada ya taarifa. Kubadili madirisha au kuongeza banda juu ya paa kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, hata mwenye nyumba akisema endelea tu.